Msamiati wa Mvua: Kwa Miguu Kutoka Kawangware Hadi Kibera

Katika insha zetu nyingi za safari utakuta sentensi hii: "Mvua kubwa ilinyesha tukalowa sana." Haina kosa la sarufi, lakini haituambii kitu. Ilikuwa mvua ya namna gani? Mlilowa vipi? Chini palikuwaje? Tujifunze basi kutokana na safari niliyokwenda na mwenzangu siku moja ya masika, mwezi wa Aprili.

SAFARI

Tulipotoka stendi ya 46 pale Kawangware yalikuwa manyunyu tu. Mwenzangu akasema, "Twende bwana, hii si mvua." Nauli hatukuwa nayo, na isitoshe, kukinyesha matatu hupandisha bei. Tukashika Barabara ya Naivasha. Kufika Dagoretti Corner, umeme ulimulika na ngurumo zikafuata. Tulipoingia Barabara ya Ngong mvua ikamwagika. Magari yalipita kwenye madimbwi yakaturushia maji. Tulilowa chepechepe, hata vitabu tulivyovifunga kwa nailoni vikaanza kunyonya maji. Sokoni Toi wauza mitumba walikuwa wamekwisha funika nguo zao kwa maturubai. Tukajibanza kibandani mpaka mvua ikapungua.

Tulipitia Makina, tukavuka reli na kuteremka Gatwekera. Huko ardhi huinamia bonde la mto Motoine, na maji yote ya juu huja kwa mitaro. Vijia vilikuwa utelezi mtupu. Mwenzangu alianguka matopeni tapwi! Akainuka akicheka. Kicheko kilikoma tulipofika penye ubao wa kuvukia mtaro. Yeye ndiye aliyekuwa mbele.

"Vipi huko?" nikamwuliza.

"Maji ni mengi."

"Mengi namna gani? Sema vizuri."

Akachovya fimbo. "Yamefunika ubao. Yanakwenda kasi, na fimbo haifiki chini."

Jibu la kwanza halikutosha kumwambia mtu avuke au asivuke. Jibu la pili lilitosha. Tuligeuka, tukazunguka kwa njia ya juu, tukafika nyumbani giza likiingia. Wahenga walisema: Kawia ufike.

UFAFANUZI

1. Manyunyu ni mvua nyepesi. Wengine huita rasharasha. Mvua ikikoma husemwa imepusa. Mawingu yakitawanyika na mbingu kung'aa, kumeanuka.

2. Umeme huonekana, ngurumo husikika, radi hupiga. Usivichanganye.

3. Dimbwi ni maji yaliyotuama. Mtaro ni njia iliyochimbwa ya kupitishia maji. Mafuriko ni maji yaliyoiacha njia yake na kuenea.

4. Nyesha, nyeshea, nyeshewa. Mvua ilitunyeshea, kwa hiyo sisi tulinyeshewa. Usiseme "tulinyeshwa".

5. Mtaani twasema "kunanyesha". Katika masimulizi andika "mvua inanyesha", ila wahusika wako waache waseme kama watu wa kwao wasemavyo.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Mnamo Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Hapa Nairobi waliokaa kando ya mito walihamishwa, na kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa hadi tarehe 13 Mei. Siku kama hizo, mtu akimpigia ndugu yake simu kumwambia "kuna maji huku", hajamsaidia. Je, ni dimbwi la kuruka au ni mafuriko? Yametuama au yanakwenda kasi? Ni ya kifundo cha mguu au ya kiuno? Wanafunzi wengi wa Kibera na Kawangware huenda shuleni kwa miguu. Kwao neno sahihi si la kupata alama za mtihani pekee. Aliye mbele ndiye macho ya aliye nyuma.

ZOEZI

(a) Tofautisha: imepusa na kumeanuka; dimbwi na mtaro.

(b) Sahihisha: "Jana nilinyeshwa nikasikia umeme."

(c) Kamilisha kwa tanakali ifaayo: Mtoto alianguka majini ____ !

(d) Mwenzako yuko nyuma yako nawe umefika penye kijito kilichojaa. Mweleze hali ya maji kwa sentensi tatu, bila kutumia maneno "mengi", "sana" wala "kubwa". Kisha mwambie mpite wapi.