Darasa jipya la picha: kamera nane za kawaida kuliko moja ya fahari

Shule ikipata fedha kidogo za kuanzisha somo la upigaji picha, kishawishi cha kwanza ni kununua kamera moja kubwa ya bei mbaya. Siku ya uzinduzi kamera hiyo ndiyo hupigwa picha, kisha hufungiwa kabatini kwa mkuu wa shule. Kwa darasa la wanafunzi 40, afadhali kamera nane za mtumba, moja kwa kila kundi la watano.

Zote ziwe za aina moja. Canon EOS 1100D au Nikon D3100 zina umri wa zaidi ya miaka kumi sasa, lakini zikiwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55 zinamruhusu mwanafunzi kupanga mwenyewe kasi ya shata, ukubwa wa tundu la lenzi na ISO. Somo lenyewe ni hilo. Ukichanganya Canon na Nikon, betri haziingiliani, chaja hazifanani, na lenzi ya huku haikai kule.

Maduka ya Kariakoo yanajulikana, lakini waulize pia wapiga picha wa harusi, maana wakibadilisha vifaa huuza vya zamani. Kamera ya harusi imefanya kazi kweli kweli, kwa hiyo uliza imeshapiga picha ngapi, na usinunue bila kuijaribu. Vua lenzi, umulike ndani kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, iache hata kama bei inavutia. Ugonjwa huu ni wa kawaida Tanga, Bagamoyo, Unguja na kwingineko pwani kwa sababu ya unyevu. Kisha piga picha ya ukuta mweupe, tundu la lenzi likiwa dogo kabisa, uikuze: madoa yatakayojitokeza mahali palepale katika kila picha ni vumbi kwenye kihisio. Vumbi fundi hulisafisha, mkwaruzo hausafishiki.

Kadi za memori zinahitaji macho makali kuliko kamera. Kadi bandia huandikwa GB 64 wakati ndani ina nane tu, na hutagundua mpaka picha za ziara zipotee. Programu ya bure ya H2testw huijaza kadi yote, kisha huisoma upya na kukuambia ukweli. GB 16 halisi zinamtosha mwanafunzi. Kila kamera ipate betri mbili, na muuzaji atoe risiti ya EFD, la sivyo mhasibu wa shule atakusumbua wewe badala yake.

Msitegemee simu za wanafunzi, kwani shule nyingi zinazikataza. Ila wazazi wanaweza kuchangia simu za zamani zisizo na laini, zikabaki stoo ya shule. Kuhariri kusiwatie gharama: GIMP na darktable ni za bure, na kompyuta za maabara zikiwa nzito, anzeni na GIMP.

Mambo ya mwanga yasiwapeleke dukani. Karatasi ya manila nyeupe hurudisha mwanga usoni, shuka jeupe dirishani hulainisha jua la mchana.

Mimi ningetenga fedha kidogo pia kwa picha za buluu, njia aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842. Haihitaji kamera wala chumba cha giza totoro. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa kemikali mbili, ikakaushwa gizani, jani likawekwa juu yake, ikaanikwa juani kwa dakika kadhaa, kisha ikaoshwa kwa maji. Kemikali moja, potasiamu ferisianaidi, huenda mwalimu wa kemia anayo tayari kwa majaribio ya kutambua chuma. Ile ya pili, amonia sitrati ya chuma, mtaiagiza kwa wauzaji wa vifaa vya maabara. Ferisianaidi isikutane na asidi kali wala moto, maana hutoa gesi ya sumu. Glavu zivaliwe.

Vifaa vikifika, viwekwe kwenye makasha ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika. Kila kamera, betri zake na kadi yake viandikwe namba moja, na kundi litie saini daftarini wakati wa kuchukua na wa kurudisha. Betri zichajiwe siku moja kabla ya kipindi, umeme ukiwepo.