Kabla ya Kuliamsha Gari Lililolala

Gari likikaa miaka saba chini ya mwembe, watu husema limepumzika. Siku ya kuliamsha fundi huja na betri ya kuazima, chupa ya petroli na vijana wanne wa kusukuma, na mwenye gari husimama pembeni akisubiri mlio. Mara nyingi mlio husikika. Mara nyingi pia dakika hiyo ya furaha huiua injini ambayo miaka saba ilishindwa kuiua. Makala haya yanaeleza kwa nini, hatua kwa hatua, tukianzia kwenye chuma chenyewe.

Tuchukue gari moja la mfano: Toyota Starlet Glanza V, iliyoundwa Japani kati ya 1996 na 1999. Ni kigari kifupi chenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, cha jamii ile iliyopata jina duniani kupitia Volkswagen Golf GTI ya 1976. Injini yake, 4E-FTE, ina sentimita za ujazo 1,331 tu, lakini ina tabo na hutoa nguvu za farasi 135, wakati gari zima halifiki tani moja. Ndiyo maana vijana wanaipenda. Tuseme imelala Ngumbo, kwetu kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, tangu mwenyewe ahamie mjini kikazi.

Chuma hakichimbwi kikiwa chuma. Kule Liganga, wilayani Ludewa, kaskazini mwetu, kuna mawe meusi mazito ambayo ndani yake chuma kimeshikana na oksijeni. Kuvitenganisha kunataka tanuri la moto mkali mno, na chuma kikishapatikana hakiachi kutafuta njia ya kurudi kule kilikotoka. Kutu ndiyo njia hiyo.

Lakini njia ina masharti. Chembe ya chuma hutoa elektroni mbili na kuyeyuka kwenye maji ikiwa ioni. Elektroni zile husafiri ndani ya chuma mpaka mahali ambapo oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji hayo inazipokea. Mazao ya pande zote mbili hukutana, na kinachotuama ni ule unga wa kahawia tunaoufahamu. Kwa hiyo panatakiwa chuma, oksijeni na utando wa maji, vyote mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ukiondoa kimoja, kazi inasimama. Usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa vizuri juani wanakaa miezi bila kuoza kwa mantiki hiyo hiyo: hakuna maji ya kufanyia kazi.

Wapo wanaosema gari la ziwani huoza kama la pwani. Sikubaliani nao. Nyasa ni maji baridi, na chumvi ina makosa mawili ambayo maji baridi hayana: huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, hivyo kutu hukimbia, na hunyonya unyevu kutoka hewani. Chumvi ya mezani huanza kulowana yenyewe unyevu wa hewa ukifika asilimia 75, kabla hata umande haujatua. Ila usifurahi mapema. Starlet yetu ilivuka bahari kufika Dar es Salaam, huenda ikakaa mjini miaka kadhaa, na huko Japani ya kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa barafu. Chumvi hiyo husafiri na gari, imejificha chini ya zulia na ndani ya kingo za milango. Ukitaka kujua hali ya bodi, uliza liliishi wapi kabla ya kuja ziwani.

Maji yenyewe hutoka wapi, ikiwa gari liko chini ya mti na mvua haiingii ndani ya injini? Hesabu ni fupi. Hewa ya nyuzi joto 30 inaweza kubeba mvuke wa kama gramu 30 katika kila mita ya ujazo. Ya nyuzi joto 20 hubeba gramu 17 tu. Wakati wa mvua, mchana wa nyuzi 30 wenye unyevu wa asilimia 80, hewa ina gramu 24. Usiku ikigusa chuma kilichopoa hadi nyuzi 20, gramu 7 hukosa pa kukaa, nazo hutua hapo. Asubuhi mambo hugeuka lakini hayatengemai: hewa hupata joto haraka, injini nzito huchelewa, na umande huendelea kutua juu yake hata jua likiwa limeshachomoza.

Ndani ya injini kuna jambo linalowashangaza hata mafundi. Silinda nne hupishana kwa zamu: injini ikisimama, moja iko kwenye kuvuta hewa, moja kwenye kukandamiza, moja kwenye kusukuma na moja kwenye kutoa moshi. Ile ya kukandamiza na ile ya kusukuma valvu zao zimefungwa. Ile ya kuvuta na ile ya kutoa moshi ziko wazi, moja kuelekea kwenye filta ya hewa na nyingine kwenye bomba la moshi. Basi silinda mbili hupumua hewa ya nje kila siku kwa miaka saba, na mbili hazipumui. Ukikuta silinda moja imechafuka na jirani yake inang'aa, usitafute mchawi.

Ukuta wa silinda hizi ni chuma cha kalibu, wakati pistoni na silinda hedi ni alumini. Alumini nayo hushikana na oksijeni, tena haraka zaidi, lakini utando wake ni mwembamba na umebana, unaifunika na kuilinda. Kutu ya chuma ina vitundu, haimlindi mtu. Tena inachukua nafasi mara mbili na zaidi ya ile ya chuma ilichokila. Sasa kumbuka kwamba kati ya pistoni na ukuta wa silinda mna nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Kutu kidogo sana inatosha kuzikamata ringi.

Hapo ndipo betri ya kuazima inapofanya uharibifu. Stata ina nguvu, na wanaosukuma gari likiwa kwenye gia wana nguvu zaidi. Ringi zitang'oka pale ziliponatia, lakini zitakwangua ukuta, na unga utakaobanduka si uchafu wa kawaida: oksidi ya chuma ndiyo masonara wanayoitumia kung'arishia dhahabu. Umeiwekea injini msasa.

Dawa ni uvumilivu. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo katika kila tundu, acha siku kadhaa ipenye kwenye ringi, kisha zungusha kranki kwa mkono, kwa spana ndefu, taratibu. Mkono unahisi, stata haihisi. Ikigoma, rudisha nyuma kidogo, ongeza oili, subiri tena.

Kwamba mafuta yanaweza kuilinda mashine kwa miaka, Tanzania ina ushahidi mkubwa kuliko gari lolote. Ushahidi huo uko Ziwa Tanganyika. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen ili adui asiipate. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza waliiinua 1924 wakakuta mitambo inafaa kutengenezwa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma kile kilikaa ndani ya ziwa miaka mingi bila kuguswa na maji ya ziwa, kwa kuwa grisi ilikuwa katikati.

Tuseme injini sasa inazunguka kwa mkono. Bado usiwashe. Injini inayotembea haigusishi chuma kwa chuma: kranki ikizunguka huburuta oili na kuelea juu ya utando wake ndani ya beringi. Injini iliyolala haina utando huo. Oili imeshuka yote chini. Tabo ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa sababu shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na oili yake hutoka injini hiyo hiyo. Kwa hiyo mwaga oili ya zamani, ambayo imebaki na maji na asidi za moshi wa miaka ile, weka mpya na filta mpya, kisha zungusha kwa stata plagi zikiwa nje na pampu ya petroli ikiwa imechomolewa, kwa vipindi vifupi, mpaka taa ya oili izimike. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kabla ya hapo, hata kama kwa macho ni mzima. Mpira huzeeka kwa miaka, si kwa kilomita pekee.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi vya kaboni na haidrojeni, vyepesi na vizito. Vyepesi hugeuka mvuke upesi, na kinachowaka ndani ya silinda ni mvuke. Miaka ikipita vyepesi hutoroka, vizito hubaki. Baadhi yake hushikana na oksijeni, vikaungana na kuwa gundi ya kahawia yenye harufu ya vanishi. Gundi hiyo huziba nozeli, ambazo matundu yake ni membamba kuliko sindano. Kuchanganya petroli mpya na ya zamani ni kuitia nozeli gundi iliyoyeyushwa vizuri. Mwaga yote, shusha tangi lioshwe.

Hapa niseme neno juu ya maji ndani ya tangi, kwa sababu hadithi zimezidi. Tangi tupu la lita 45 likipoa nyuzi 10 usiku huvuta hewa kama lita moja na nusu, yenye mvuke usiofika hata sehemu ya kumi ya gramu. Kwa mwaka mzima, hata kama yote yangebaki ndani, yasingezidi gramu 13 hivi, kama kijiko kikubwa kimoja. Si ndoo. Ila maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, na hapo chini ndipo pampu inapofyonza. Kijiko kimoja kinatosha kulitoboa bati na kuijaza filta kutu.

Betri iliyokaa miaka saba imekwisha. Usipoteze muda kuichaji. Bamba zake za risasi zimefunikwa na salfeti, na chembe ndogo za salfeti zimeyeyuka na kujenga kubwa ngumu zisizorudi tena. Matairi vilevile: soma tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, na usidanganywe na kashata zake kuwa nzima. Nyaya zikague kama zimetafunwa na panya, mabomba kama yana viota vya manyigu.

Breki nimeziacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa injini mbovu hukuacha njiani tu, breki mbovu hukuua. Mafuta ya breki ni ya jamii ya glaikoli, ambayo hupenda maji na kuyavuta kutoka hewani hata kupitia mipira ya breki. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango chake kinashuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga pedali, inakwenda mpaka chini, gari linaendelea.

Kwa msafiri wa kwetu hilo lina uzito wake. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay lami inateremka kutoka vilima vya kahawa vya Wamatengo mpaka ufukweni. Tuhesabu mteremko wa mita 800 kwa gari la kilo 1,000 pamoja na dereva: nishati inayotakiwa kutolewa ni karibu megajuli 8. Ni joto la kutosha kuchemsha lita 25 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100. Sehemu inachukuliwa na upepo na injini ukishuka kwa gia ndogo. Inayobaki inaingia kwenye disiki, padi, kalipa na mafuta yale. Gari lililoamshwa Ngumbo likaendeshwa polepole kijijini litaonekana lina breki nzuri kabisa, kwa sababu halijawahi kuombwa megajuli 8. Badilisha mafuta yote ya breki, fungua kalipa, kagua pistoni zake kama zina kutu, kabla ya kuupanda mlima huo ili uje kuushuka.

Na kama ndiyo kwanza unaondoka na gari linabaki, lioshe chini utoe chumvi na matope, badilisha oili ukiwa bado upo, weka oili kidogo kwenye silinda, toa betri, liinue juu ya mawe, lifunike kwa kitu kinachopitisha hewa badala ya nailoni. Halafu mwambie anayebaki asiwe analiwasha dakika tano kila Jumapili. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, na dakika tano za kuunguruma gari likiwa limesimama hutoa kama gramu sabini, ambazo katika injini ambayo haijapata moto hutuama kwenye bomba la moshi na kupenya hadi kwenye oili. Ama aliendeshe kilomita ishirini mpaka lipate moto sawasawa, ama asiliguse.