Upungufu wa damu kwa mtoto mchanga: Somo kutoka Ifakara

Wiki hii tuangalie maradhi yanayoingia nyumbani kimya kimya: upungufu wa damu kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Homa mama huigundua mapema. Damu hupungua kidogo kidogo, mpaka siku mtoto anaanza kuhema, na hapo ndipo familia inahangaika kutafuta usafiri na mtu wa kutoa damu.

Damu inakwenda wapi?

Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyoipata tumboni mwa mama yake. Akiba hiyo humtosha kwa takriban miezi sita. Aliyezaliwa njiti huishiwa mapema zaidi. Wakati huo huo mbu wameshaanza kumuuma. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaliana humo na kuzipasua. Basi mtoto anapoteza damu huku akikosa madini ya kutengenezea nyingine.

Utafiti wa Ifakara

Watafiti, wakiwamo Clara Menéndez wa Hispania na Dkt. Andrew Kitua wa Tanzania, waliwafuatilia watoto 832 waliozaliwa mwaka 1995 katika Hospitali ya St. Francis, Ifakara. Baadhi walipewa dawa ya madini ya chuma, wengine dawa ya kukinga malaria kila wiki, wengine zote mbili, na wengine dawa bandia ili kulinganisha. Matokeo yalitolewa mwaka 1997. Madini ya chuma yalipunguza upungufu mkubwa wa damu kwa karibu asilimia 29, lakini kinga ya malaria iliupunguza kwa zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba mwizi mkubwa wa damu ya mtoto bondeni kwetu alikuwa malaria.

Hata hivyo, waliokuwa wakinywa kinga kila wiki, walipoiacha waliugua malaria na upungufu wa damu kuliko wenzao katika mwaka wa pili. Miili yao ilikuwa haijazoea kupambana. Ndipo ikajaribiwa njia nyingine: dozi ya SP mara tatu tu, katika miezi 2, 3 na 9, siku za chanjo. Kwa watoto 701, malaria ilipungua kwa asilimia 59 na upungufu mkubwa wa damu kwa asilimia 50. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo kwa maeneo yanayofaa. Hii si ruhusa ya kununua SP dukani na kumpa mtoto.

Tahadhari kutoka Pemba

Wako wazazi wanaonunua dawa ya kuongeza damu bila kipimo. Kule Pemba, watoto wadogo zaidi ya 24,000 waligawanywa, baadhi wakapewa madini ya chuma na foliki asidi kila siku, wengine dawa bandia. Utoaji wa chuma ulisimamishwa mwaka 2003, kwa sababu waliopewa walilazwa na kufariki zaidi. Lakini waliokuwa na upungufu kweli, na wakatibiwa malaria mapema, walifaidika. Kwa hiyo pima kwanza, kisha fuata maelekezo ya mtaalamu.

Tufanye nini?

1. Chandarua chenye dawa kila usiku, hata kwenye dungu wakati wa kuamia ndege. Mradi wa vyandarua wa Kilombero na Ulanga, ulioanza mwaka 1996, ulionesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.

2. Mjamzito ahudhurie kliniki, atumie vidonge vya damu na SP kama anavyoelekezwa.

3. Maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha aendelee kunyonya mpaka miaka miwili, kama Qur'an ilivyoelekeza kwa anayetaka kukamilisha (2:233).

4. Baada ya miezi sita, uji wa mchele mtupu hautoshi. Ongeza dagaa au perege aliyepondwa na kutolewa miiba, maini, maharage, matembele, na chungwa au embe. Usimpe chai, kwani huzuia chuma kufyonzwa.

5. Linganisha kiganja chake na chako. Kikiwa cheupe, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayehema kwa shida, aliyelegea au mwenye degedege, apelekwe hospitali mara moja. Degedege si la kusubiri mganga. Baba asome dua njiani, mtoto akiwa anapelekwa kutibiwa. Mtume (s.a.w.) alihimiza tujitibu, na mtoto ni amana tutakayoulizwa.

Wabillahi tawfiq.