Jinsi ya Kusikiliza Koncheto za Brandenburg

Wasomaji wenzangu, mara ya kwanza kuusikia muziki huu nilichoka kabla haujafika mwisho. Nilisikia fidla zikikimbizana tu, nikamwambia mwalimu wetu kwamba hizo ni kelele za watu wenye haraka. Hakunigombeza. Alisema, "Umesikia, lakini hujasikiliza. Rudia mara tatu, na kila mara ufuate sauti moja." Nilifanya hivyo, na leo nataka kuwaeleza faida niliyoipata.

Muziki wenyewe ni koncheto sita za Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1685 na kufa mwaka 1750. Mwezi wa Machi 1721 alimpelekea Christian Ludwig, mtukufu wa Brandenburg, na kwa hiyo zikapata jina hilo. Mwaka 2021, zilipotimiza miaka 300, kundi la Akademie für Alte Musik Berlin lilizirekodi upya pamoja na Bibi Isabelle Faust, mpiga fidla. Rekodi hiyo ndiyo tuliyosikilizishwa. Kundi hili hupiga ala za namna ya zamani, ambazo sauti zake ni laini, wala haimezi moja nyingine.

Koncheto ni nini? Ni mazungumzo baina ya wapigaji wachache na kundi zima. Kundi huanza na wimbo wake, wale wachache hujibu, kisha kundi hurudia sehemu ya wimbo ule ule, kama kiitikio katika nyimbo zetu. Ukikishika kiitikio, hupotei.

Sasa tuichukue koncheto ya tano, sehemu ya kwanza. Mara ya kwanza fuata filimbi. Mara ya pili fuata fidla. Mara ya tatu fuata hapsikodi, yaani kinanda ambacho nyuzi zake hazigongwi kama za piano, bali hudonolewa, kama nyuzi za kanuni katika taarabu. Siku zile kazi yake katika kundi ilikuwa kuwashikilia wengine kwa chini, kama mtumishi. Hapa Bach alikipa cheo. Polepole kinanda huongeza mbio, filimbi na fidla hunyamaza, na wote hukiachia nafasi peke yake kwa muda wa dakika tatu hivi. Ndipo kundi hurudi na kiitikio, na sehemu hiyo huisha.

Hapo niliona haya. Kinanda kile kilikuwapo tangu mwanzo, kikifanya kazi bila kupumzika, nami sikukisikia mpaka wenzake waliponyamaza. Kumbe zile nilizoziita kelele zilikuwa sauti za watu wanaosikilizana. Asiyesikiliza nilikuwa mimi.

Basi jaribuni nanyi. Chagueni sauti moja, hasa ile ya chini, mwifuate hata mwisho. Haraka haraka haina baraka, hata katika kusikiliza.