Oili ya Breki Kwanza, Rimu Baadaye: Kwa Wenye Magari wa Karatu na Ngorongoro



Kijitabu hiki kimeandikwa baada ya malalamiko kuzidi. Abiria wanalalamika kuhusu magari yanayonuka breki wakishuka Rhotia. Wenye magari nao wanalalamika kwamba wanasimamishwa barabarani ilhali gari “limetoka kufanyiwa sevisi nyumbani”. Hatumkatazi mtu kushika spana uani kwake. Tunachokataa ni kufunga rimu za kung'aa na tairi pana, kisha kuingia mteremkoni na oili ya breki iliyokuja na gari kutoka Japani.

Kwa nini tunaanza na oili

Karatu mjini ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukienda Mto wa Mbu unashuka. Ukienda Mang'ola unashuka. Ukipita geti la Lodoare unapanda hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200, lakini jioni utarudi kwa njia hiyo hiyo. Na kutoka ukingoni hadi sakafu ya kreta ni kama mita 600 kwenda chini.

Gari la tani 2 likishuka mita 600 kwa kutegemea breki peke yake, joto linalozalishwa lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji ya baridi. Joto hilo huanzia kwenye diski na pedi, likapita kwenye pistoni, likaishia kwenye oili.

Oili ya DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ya DOT 3, chini ya nyuzi 205. Lakini oili hizi hunyonya unyevu wa hewa, hata gari likiwa limelala uani. Ikishanyonya maji yasiyofika hata asilimia 4, DOT 4 inaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 na DOT 3 kwenye nyuzi 140. Ikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea wakati oili haibonyei. Unakanyaga pedali inazama hadi chini, gari linaendelea kwenda.

Ubaya wake ni kwamba oili ikipoa, breki zinarudi. Gari linafikishwa kwa fundi, fundi anakanyaga, anasema haoni tatizo. Tatizo lipo, limepoa tu.

Kwa hiyo: badilisha oili ya breki kila baada ya miaka 2. Usiongezee ya zamani, toa yote. Tunarudia, toa yote.

Usiweke oili ya injini, usiweke haidroliki ya stelingi, usiweke maji ya sabuni. Tunajua yanafanyika, na wanaofanya wanajijua. Oili ya injini huvimbisha raba za breki, na ukishaiweka utanunua raba zote upya. Chupa ya oili ya breki iliyokaa wazi miezi sita kwenye stoo nayo si mpya tena.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja akanyage na kushikilia, mwingine afungue nipo, oili itoke kupitia mpira mwembamba hadi kwenye chupa, nipo ifungwe, ndipo wa juu aachie pedali. Akiachia kabla ya nipo kufungwa, hewa inaingia na kazi inaanza upya. Magari mengi huanzia tairi lililo mbali zaidi na pampu kuu, lakini fuata kitabu cha gari lako. Kopo la juu lisikauke hata mara moja. Pedali ikibaki laini, gari lisitoke getini.

Kabla hujaingia chini ya gari

Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Weka stendi za chuma. Tofali la kuchoma hupasuka ghafla, na uani kwetu Karatu masika yakichanganya, jeki huzama kwenye tope jekundu. Weka ubao mpana chini yake na gogo kwenye matairi yaliyobaki chini.

Pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli, si upande uliokwisha tu. Vumbi la ndani ya drami usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Tairi na rimu

Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 3219 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Muuzaji akikwambia “jipya kabisa”, soma mwenyewe. Magari yanayotoka Japani wakati mwingine huja na tairi za theluji zenye neno STUDLESS. Mpira wake ni laini, na lami yenye joto si mahali pake. Tairi kubwa kuliko lililokusudiwa huzipa breki kazi zaidi na hufanya spidomita isome chini ya mwendo halisi.

Upepo jaza asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Nati zikaze kwa kukatisha, si kwa kuzunguka, na ukazo wa mwisho uwe gari limeshashuka chini. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaze tena. Karatu hadi Mto wa Mbu na kurudi inatosha, ila kazikague kabla ya mteremko.

Mteremkoni

Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia kwenye korongo la mto Marera, hapa Rhotia. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walifariki. Februari 2024, karibu na Ngaramtoni, watu 25 walifariki katika ajali ambayo polisi walieleza kuwa ilisababishwa na lori lililofeli breki. Hatuhitaji kuongeza la tatu.

Shuka kwa gia ndogo, namba 2 au chini yake, ukiichagua kabla mteremko haujaanza. Gari la otomatiki lina L au 2 kwenye gia yake, si mapambo. Usiweke nyutro ili kuokoa mafuta. Usizime injini. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama, subiri breki zipoe, na usimwagie diski maji.

Pedali ikizama: ipampu haraka, punguza gia, vuta hendibreki taratibu.

Masharti mengine

Kreta hushukwa na magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kwa masharti ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, uliza getini. Gari la abiria linafuata masharti ya LATRA, na matengenezo ya uani hayaondoi wajibu huo.

Ofisi yetu haikukaa kimya. Tumesimama stendi, tumesimama minadani, tumefungua maboneti kwa mikono yetu, na tunajivunia kwamba sasa kuna madereva wanaotuonyesha chupa ya oili kabla hatujauliza. Wengine bado wanatuonyesha rimu.

Oili uliyoitoa usiimwage mferejini wala shambani. Ifunge kwenye dumu uipeleke gereji. Kijitabu hiki hutolewa bure. Anayekuuzia, tuletee jina lake.