MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Somo juu ya mji wa Nachingwea

Methali hii twaisema mara nyingi, lakini ni mara chache tunaipima. Mgeni amponya mwenyeji kwa jambo gani? Naye mwenyeji amtendee mgeni nini, ili wote wawili wapone? Mwezi huu twataka kuipima kwa habari za mji tunaoujua, yaani Nachingwea, jirani wa Mnero. Kisha tutauweka kando ya mji mmoja wa mbali, Västerås katika nchi ya Uswidi, ambako wamisioni wengi wametoka kuja kufanya kazi kwetu. Sababu ya kuilinganisha ni hii: miji hii miwili iliita watu wa kazi kutoka mbali katika mwaka mmoja, 1947. Mmoja ulikuwa na kiwanda kikubwa tayari. Mwingine ulikuwa mwitu.

1. Nchi ya watu waliokuja

Kwanza tusidhani kwamba kusini hakukuwa na wageni kabla ya siku hizo. Wamwera tunawakuta Mnero na Ruangwa. Lakini Wamakua, Wayao na Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kwa nyakati mbalimbali. Wengine walikimbia vita na njaa, wengine walitafuta ardhi, na wengine walifuata kazi katika mashamba ya mkonge karibu na Lindi. Tena katika mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Na kijiji chao kikawa mwanzo wa mji.

Basi mtu wa kusini akitaka kumwambia jirani yake, "Wewe ni mtu wa kuja," yafaa amwulize babu yake kwanza.

2. Mji uliozaliwa na karanga

Vita kuu ya pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Katika mwaka wa 1946 wajumbe watatu, mkubwa wao akiwa John Wakefield, walitumwa Afrika ya Mashariki kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa wingi sana. Walitembea muda wa majuma tisa tu. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikakubali mpango wa kulima ekari 3,210,000. Huku Tanganyika mahali palipochaguliwa palikuwa patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa kuliko zote ilikusudiwa kulimwa kusini.

Ndipo mwitu ukaanza kunguruma. Zililetwa trekta na mashine za kung'oa miti. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, nayo ikafika Nachingwea katika mwaka wa 1949. Mtwara pakachaguliwa kuwa bandari mpya yenye kina kirefu. Watu nao wakaja: Waingereza wasimamizi na mafundi, wafanya biashara wa Kihindi, madereva, makarani, waashi, wapishi, na vijana wengi wa makabila mbalimbali waliotafuta mshahara. Watu hawa hawakujuana kwa lugha za nyumbani kwao. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, kazini na sokoni.

3. Mpango ulianguka, mji haukuanguka

Lakini kazi ilikuwa imeanzwa kwa haraka kuliko maarifa. Kongwa mvua zilikosekana, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zisiweze kuchimbuliwa. Mashine nyingi zilikuwa zimechoka kwa vita, na mafundi wa kuzitengeneza walikuwa haba. Nachingwea mvua ilikuwa afadhali, lakini miti ilikuwa mingi, tena reli na bandari hazikuwa tayari wakati zilipohitajiwa. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango ule mkubwa umekoma. Hasara yake ilikuwa kama pauni milioni 36.

Kosa lilikuwa wapi? Wakuu walihesabu ekari, mashine na fedha. Wala hawakukaa na wakulima wa nchi muda wa kutosha kujifunza tabia ya mvua na udongo wao. Mgeni alikuja na jembe kubwa, lakini hakumwuliza mwenyeji alime wapi. Majuma tisa hayatoshi kuijua nchi. Mkulima mmoja wa Mnero angehitaji miaka kadhaa kulijua vema shamba lake moja tu.

Bandari ya Mtwara ilifunguliwa katika mwaka wa 1954, hali karanga zilizongojewa hazipo. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960. Je, Nachingwea ulirudi kuwa mwitu? La. Mashine ziliondoka, lakini si watu wote walioondoka. Walibaki waliooa au kuolewa huku, waliofungua maduka, na waliopata mashamba. Mji ukawa makao ya wilaya, na Ruangwa ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo mpaka ilipopewa wilaya yake katika mwaka wa 1995. Kumbe kilichodumu katika kazi ile yote ni kile ambacho wapangaji hawakukihesabu: ujirani.

4. Wageni wa vita

Baadaye walikuja wageni wa namna nyingine. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam katika mwaka wa 1962 ili kuikomboa Msumbiji. Vita vilianza mwezi wa Septemba 1964, na tangu mwaka wa 1965 Nachingwea pakawa mahali pakubwa pa kufundishia askari wa chama hicho. Samora Machel, ambaye alikuwa rais wa kwanza wa Msumbiji katika mwaka wa 1975, aliijua nchi hii vizuri.

Pamoja na askari walivuka akina mama, wazee na watoto, wamejitwika mikeka na vyungu. Makazi ya wakimbizi yalifunguliwa Rutamba katika nchi ya Lindi, na mahali pengine. Jambo hili latuhusu sisi hasa, kwa maana makanisa ya Kilutheri ya dunia yalisaidia kazi hiyo kwa njia ya shirika la TCRS, lililoanzishwa katika mwaka wa 1964. Uhuru ulipopatikana wengi walirudi kwao; wengine walibaki, na wajukuu wao ni majirani zetu leo.

5. Mji wa Västerås

Sasa na tutazame kaskazini. Västerås ni mji wa kale wenye kanisa kuu la askofu, nao umekaa kando ya ziwa Mälaren. Tangu mwaka wa 1890 kampuni ya ASEA ilitengeneza huko mitambo ya umeme. Uswidi haikuharibiwa na vita, hivyo viwanda vyake vilipata kazi nyingi kuliko watu wa kuifanya. Katika mwaka wa 1947 ASEA iliwaita mafundi kutoka Italia. Tangu mwaka wa 1954 watu wa nchi za kaskazini waliruhusiwa kufanya kazi popote kati ya nchi zile, nao Wafini wakaja kwa wingi. Baadaye Uswidi ilipokea wakimbizi pia: kutoka Chile baada ya mwaka wa 1973, na kutoka Bosnia katika miaka ya 1990.

Haikuwa rahisi. Wageni waliona upweke na baridi, na wenyeji wengine walinung'unika. Lakini tazameni mambo mawili waliyoyafanya. Tangu mwaka wa 1973 sheria ilimpa mfanyakazi mgeni haki ya kujifunza Kiswidi saa 240 ndani ya saa za kazi, naye alipwe mshahara wake. Na tangu mwaka wa 1976 mgeni aliyekaa nchini miaka mitatu aliruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa mji wake, hata kama hakuwa raia. Yaani walimpa mgeni ulimi wa kusemea, kisha wakampa mahali pa kusemea.

6. Yatupasayo sisi

Somo hili si la zamani tu. Katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji walihamishwa kutoka bonde la Usangu, na wengi wao waliletwa mkoa wa Lindi pamoja na ng'ombe zao. Tangu hapo magomvi ya mashamba na malisho yametokea. Mkulima alia kwamba ufuta wake umeliwa. Mfugaji alia kwamba hana njia ya kupitisha ng'ombe kwenda majini. Wote wawili wasema kweli. Shamba lililoliwa ni chakula cha watoto wa mtu, na ng'ombe naye ni akiba ya watoto wa mwenzake.

Tufanye nini basi? Tusirudie kosa la karanga, kupanga mambo ya nchi bila kuwauliza wakaao ndani yake. Mipaka ya mashamba na njia za mifugo zikatwe wenyeji na wageni wakiwapo pamoja, na aliyeharibu alipe, awe nani. Tena twaambiwa, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengine huisema methali hii ili kumfukuza mgeni. Sisi twaielewa vingine: anayepewa jembe amepewa na sehemu ya kulima, naye amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Asiyepewa jembe hubaki mgeni hata miaka hamsini.

Hapo ndipo methali yetu ya kwanza inapotimia. Mgeni hamponyi mwenyeji kwa kuja tu. Humponya anapokaribishwa kazini na katika baraza, na mwenyeji anaposikilizwa kabla mti wa kwanza haujakatwa.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Jamaa yako ilifika hapa mlipo kutoka wapi, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini mpango wa karanga ulianguka, na kwa nini mji wa Nachingwea ulibaki?
3. Katika kijiji chenu, ni nani aliyekaa miaka mingi na bado aitwa mgeni? Ni jembe gani ambalo hajapewa?
4. Kukiwa na ugomvi wa shamba na malisho, ni nani wapaswao kukaa pamoja kabla haujawa mkubwa?