Dawa Tatu za Skizofrenia: Zinafanana Wapi, Zinatofautiana Wapi?

Mgonjwa wa skizofrenia anapoacha dawa, jamaa wengi husema ni ukaidi. Mara nyingi sivyo. Huenda dawa inamlegeza hadi anashindwa kushika jembe, au inamkaza shingo na kumtetemesha mikono mbele ya watu. Akiiacha kimyakimya, baada ya wiki au miezi michache sauti hurudi, na familia huanza upya safari ya hospitali. Kwa hivyo, inafaa wakazi wa Trans Nzoia na majirani zetu wa Bungoma wazijue dawa hizi.

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawasikii, huamini mambo yasiyo ya kweli, kama vile kwamba anafuatwa, na wakati mwingine hujitenga na watu. Haitokani na laana wala malezi mabaya.

Kazi ni moja

Dawa za zamani zinazojulikana zaidi ni tatu. Klopromazini, ambayo wengi huiita Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka wa 1952. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka wa 1958. Ya tatu ni flufenazini, sindano inayojulikana kama Modecate.

Zote huzuia nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo. Zikitolewa kwa kipimo kinacholingana, hakuna inayozishinda nyingine kwa mbali katika kutuliza sauti na hofu. Lakini usilinganishe miligramu. Miligramu 2 za haloperidoli hukadiriwa kuwa sawa na takriban miligramu 100 za klopromazini. Kidonge chenye namba ndogo si dawa dhaifu.

Tofauti iko mwilini

Klopromazini huleta usingizi zaidi. Humfaa mgonjwa asiyelala, lakini humsumbua anayeamka alfajiri kukama ng'ombe. Inaweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama ghafla, akaona kizunguzungu. Hukausha mdomo na kufunga choo. Pia huifanya ngozi iungue upesi juani. Anayepalilia mahindi mchana avae kofia na shati la mikono mirefu.

Haloperidoli hailetei wengi usingizi mzito kama huo, ila hukaza misuli zaidi. Mgonjwa anaweza kutetemeka, kutembea kama aliyekakamaa, au kushindwa kutulia kitini. Jamaa wakiona hivyo hudhani ugonjwa umezidi, kumbe ni dawa. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa au kuongeza benzeksoli.

Flufenazini hudungwa msulini, kwa kawaida kila baada ya wiki 2 hadi 4. Humfaa anayesahau vidonge au anayeishi mbali na kliniki, kwa mfano kule Endebess au Mlima Elgon. Nayo hukaza misuli kama haloperidoli. Ikishadungwa haiwezi kutolewa mwilini kwa haraka, kwa hivyo usikose tarehe ya kurudi, na eleza kila badiliko uliloliona.

Dawa mpya kama olanzapini na risperidoni kwa kawaida hukaza misuli kidogo, lakini zinaweza kuongeza uzito, na olanzapini huweza kupandisha sukari mwilini. Dawa kuwa ya zamani si sababu ya kuidharau.

Usingoje kliniki

Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja ukiona:
• shingo, taya au macho yamejipinda na kukwama;
• homa kali, mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa;
• kuzirai.

Ulimi au midomo ikianza kuchezacheza yenyewe baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa, mweleze daktari mapema. Hali hiyo ikikomaa ni vigumu kuiondoa.

Ya kufanya nyumbani

1. Usiache wala kupunguza dawa bila ushauri, hata mgonjwa akiwa amepata nafuu.
2. Andika unachokiona: usingizi, mtetemo, hamu ya chakula. Nenda na daftari hilo kliniki.
3. Mweleze mhudumu kuhusu ujauzito, kunyonyesha, kifafa au dawa nyingine zozote.
4. Epuka chang'aa, busaa na bangi. Pombe huongeza usingizi wa dawa, nayo bangi huchochea dalili.
5. Msimfunge mgonjwa kamba wala kumficha.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, inampa mgonjwa haki ya kushirikishwa katika mpango wa matibabu yake. Basi ukifika hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, usiseme tu "dawa inanisumbua." Sema inakusumbua vipi, saa ngapi, na inakuzuia kufanya kazi gani. Maelezo hayo ndiyo yatakayomsaidia daktari kukuchagulia dawa utakayoweza kudumu nayo.